Je, Wajua? Watu wa Kawaida Waliopanda Jukwaani

Sogea hapa, msomaji, benchi lina nafasi. Leo tunazungumzia ile michezo ya kuigiza ambayo wanafunzi wa vyuo vya Marekani huipandisha jukwaani ili kusimulia miaka ya 1950 na 1960, Wamarekani Weusi walipokuwa wakidai haki zao za kiraia. Marais na majenerali hawana nafasi humu. Wahusika ni mpishi, mshona nguo, mzoa taka na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mambo waliyoyafanya yatakuacha mdomo wazi. Twende!

MAZOEZI KABLA YA PAZIA

Je, wajua kwamba waandamanaji walifanya mazoezi kama waigizaji? Mwaka 1959 mjini Nashville, mchungaji kijana James Lawson aliwakusanya wanafunzi kanisani akawagawia nafasi. Wengine wakawa wateja wapole waliokaa kimya, wengine wakawa wahuni wa kuwatukana, kuwasukuma na kuwapulizia moshi wa sigara usoni!

Na huyo Lawson alikuwa ameishi India miaka 3, akijifunza mbinu za Gandhi. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilimfukuza mwaka 1960 kwa sababu ya maandamano hayo. Mwaka 2006 chuo hicho hicho kilimwita arudi, safari hii kama profesa!

Unadhani mazoezi hayo hayakusaidia? Tarehe 27 Februari 1960 polisi wa Nashville walikamata wanafunzi 81 waliokuwa wamekaa kwenye kaunta za chakula za Wazungu tu. Kila kundi lilipotolewa, kundi jingine liliingia na kukaa kwenye viti vile vile. Kufikia Mei, kaunta za mji zilianza kuwahudumia watu wa rangi zote.

Mwaka 1964 mamia ya wanafunzi walikusanyika kwenye chuo cha wanawake cha Western, mjini Oxford, Ohio, kabla ya kwenda Mississippi kuandikisha wapiga kura. Hata pale waliigiza: huyu polisi, yule mwandamanaji, na nyasi za chuo ndizo jukwaa. Walifundishwa jinsi ya kujikunja chini na kukinga kichwa wanapopigwa.

Je, wajua kwamba mmoja wao aliwahi kuwa mwigizaji kweli? Andrew Goodman, kijana wa miaka 20 kutoka New York, alikuwa ameigiza kwenye kumbi ndogo za mji huo na alipoingia chuoni alikusudia kusomea maigizo. Aliuawa Mississippi Juni 1964 pamoja na wenzake wawili, siku chache tu baada ya mafunzo.

Na hii je? Mwaka 1963 Wamarekani Weusi wa Mississippi, waliokuwa wakizuiwa kupiga kura, waliandaa uchaguzi wao wenyewe wa kuigiza. Masanduku yakawekwa makanisani na madukani, wagombea wakafanya kampeni. Watu wapatao 80,000 walipiga kura ambazo hakuna ofisi ya serikali iliyozihesabu, wakithibitisha kwamba kura wanaitaka!

KITI KIMOJA TU

Wale vijana wanne waliokaa kwenye kaunta ya duka la Woolworth mjini Greensboro, tarehe 1 Februari 1960, unawakadiria umri gani? Mkubwa alikuwa na miaka 19, mdogo 17. Wanafunzi wa chuo wanaoigiza kisa chao leo mara nyingi wamewazidi umri!

Na walikuwa wajanja, usicheze. Kabla ya kukaa walinunua dawa ya meno na vitu vidogo vidogo dukani humo, wakatunza risiti. Walipokataliwa kahawa, waliuliza: mbona kaunta ile imepokea pesa zetu?

Walianza watu 4 Jumatatu. Kabla ya wiki kwisha walikuwa zaidi ya 300. Kufikia mwisho wa Machi, migomo ya kukaa ilikuwa imeenea katika miji 55 ya majimbo 13, bila simu ya mkononi hata moja!

Subiri, usiinuke. Tarehe 25 Julai 1960, Woolworth ya Greensboro ilipokubali hatimaye, nani walikuwa Watu Weusi wa kwanza kula pale? Wafanyakazi wa jikoni wa duka lenyewe! Geneva Tisdale na wenzake waliambiwa wavue sare, wavae nguo nzuri, kisha wakakaa kama wateja mbele ya kaunta waliyoipikia miaka yote.

Sehemu ya kaunta hiyo, pamoja na viti vyake 4, sasa iko kwenye makumbusho ya historia ya taifa jijini Washington. Je, wajua kwamba makumbusho hayo yaliigeuza kuwa jukwaa? Mwigizaji aliwafundisha wageni jinsi ya kugoma kwa kukaa, kana kwamba ni 1960 na zamu yao inafuata.

Unapenda vitabu? Machi 1961 wanafunzi 9 wa chuo cha Tougaloo waliingia maktaba ya umma ya Jackson, Mississippi, iliyotengewa Wazungu, wakakaa na kusoma. Polisi wakaja, wakawatia mbaroni. Kosa lao lilikuwa kusoma kimya kimya maktabani!

Je, foleni inaweza kuwa silaha? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas walipanga mstari mbele ya majumba ya sinema ya Austin mwishoni mwa 1960. Kila mmoja alifika dirishani, akauliza kama Mtu Mweusi naye atauziwa tiketi, akajibiwa hapana, akarudi mwisho wa mstari kuanza upya. Mwaka 1961 majumba hayo yalisalimu amri.

UKUMBI WENYEWE ULIPOGOMA

Ngoja nikupe kisa kingine cha Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1957 mwanafunzi Mweusi Barbara Smith alichaguliwa kuimba nafasi ya malkia katika opera ya Dido na Aeneas. Wabunge wa Texas wakaja juu kwa sababu mpenzi wake wa jukwaani alikuwa Mzungu, na chuo kikamvua nafasi hiyo. Na huyo Dido anayeimbwa alikuwa malkia wa wapi? Karthago, Afrika Kaskazini!

Kisa kikafika magazetini, mwanamuziki Harry Belafonte akajitolea kumlipia masomo mahali pengine popote. Binti akakataa kuhama, akamaliza chuo pale pale. Baadaye dunia ilimjua kama Barbara Conrad, mwimbaji wa Metropolitan Opera ya New York, na mwaka 2009 bunge la Texas lilimpa heshima.

Je, wajua kwamba ukumbi mkubwa wa maigizo wa Washington uliona afadhali uache maigizo kuliko kuwaketisha watazamaji Weusi na Weupe pamoja? National Theatre ilianza kuonyesha sinema mwaka 1948, baada ya chama cha waigizaji kukataa kuigiza kwenye ukumbi wa ubaguzi. Maigizo yalirudi 1952, milango ikiwa wazi kwa wote.

Mgogoro huo ulichochewa na ukumbi wa chuo! Mwaka 1946 Chuo Kikuu cha George Washington kilifungua ukumbi wake mpya wa Lisner kwa mchezo wa nyota Ingrid Bergman, na Watu Weusi wakazuiwa mlangoni. Bergman mwenyewe alilaani jambo hilo hadharani, na mwaka uliofuata chuo kikabadili sheria yake.

WAPISHI, WALIMU NA WATOTO

Unamjua Rosa Parks. Je, unamjua Claudette Colvin? Miezi 9 kabla ya Parks, tarehe 2 Machi 1955, msichana huyu wa miaka 15 alikataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi la Montgomery, Alabama. Rekodi yake ya kukamatwa ilifutwa na mahakama mwaka 2021, akiwa na miaka 82!

Na kesi iliyovunja ubaguzi kwenye mabasi hayo haikuwa ya Rosa Parks. Ilifunguliwa na wanawake wengine, Claudette akiwa mmoja wao, na kesi ikabeba jina la Aurelia Browder. Mahakama ya Juu ikawapa ushindi Novemba 1956.

Na Watu Weusi wa Montgomery walipoamua kususia mabasi baada ya Parks kukamatwa, nani alisambaza habari za mgomo huo? Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza wa chuo cha Alabama State. Usiku ule ule Parks alipokamatwa, alijifungia chuoni na wanafunzi wake wawili, wakarudufu vipeperushi zaidi ya 30,000 kabla ya kupambazuka. Asubuhi akaingia darasani kufundisha!

Mgomo ulidumu siku 381. Piga hesabu: mwaka mzima na zaidi kidogo, watu wapatao 40,000 wakienda kazini kwa miguu au kwa kupeana lifti, jua na mvua.

Mafuta ya magari ya lifti hizo yalilipwaje? Mpishi Georgia Gilmore na wenzake walikaanga samaki, wakaoka keki na pai, wakauza mtaani na kupeleka mapato kwenye mgomo. Walijiita Klabu ya Kusikojulikana, ili mtu akiulizwa pesa zimetoka wapi, ajibu ukweli mtupu: kusikojulikana!

Na lile basi la Rosa Parks? Lilikaa shambani miaka mingi, likitumika kama stoo ya mbao na vifaa. Mwaka 2001 liliuzwa mnadani kwa dola 492,000, sasa liko kwenye makumbusho ya Henry Ford karibu na Detroit, na mgeni anaruhusiwa kupanda.

Umri gani unatosha kwenda jela kwa ajili ya haki? Mei 1963 watoto wa shule zaidi ya 1,000 waliingia barabarani mjini Birmingham, Alabama. Audrey Faye Hendricks alikuwa na miaka 9 tu. Alikaa kizuizini wiki nzima!

Fannie Lou Hamer, mtoto wa 20 wa wazazi wakulima, alikuwa na miaka 44 alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana haki ya kupiga kura. Miaka 2 baadaye, Agosti 1964, alitoa ushahidi kuhusu haki hiyo mbele ya kamera za taifa zima. Rais Johnson aliitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili televisheni zimwache mama huyo. Jioni zikaurudia ushahidi wake, nchi nzima ikamsikiliza!

Watu 250,000 waliandamana Washington tarehe 28 Agosti 1963. Nani aliwalisha? Usiku wa kuamkia siku hiyo, watu wa kujitolea katika kanisa la Riverside, New York, walitayarisha vifurushi 80,000 vya sandwichi za jibini. Themanini elfu, ndugu yangu!

Na mratibu mkuu wa siku ile, Bayard Rustin, alikuwa mtu wa jukwaani. Mwaka 1940 aliimba Broadway katika mchezo wa John Henry, pamoja na Paul Robeson.

Bado upo? Machi 1965 waandamanaji walitembea kilomita 87 kutoka Selma hadi Montgomery. Usiku wa mwisho waliburudishwa na Nina Simone, Sammy Davis Jr. na Belafonte, uwanjani, kwenye matope. Jukwaa liliundwa kwa masanduku ya majeneza yaliyoazimwa kwa wazishi!

MICHEZO ILIYOWAFUATA WATU

Je, wajua kwamba kuna kundi la maigizo lililozaliwa chuoni katikati ya vurugu zile? Mwaka 1963, kwenye kile chuo cha Tougaloo, Doris Derby, John O'Neal na Gilbert Moses walianzisha Free Southern Theater. Waliigiza makanisani na vijijini Mississippi, na kiingilio kilikuwa bure.

Mchezo wao wa kwanza, In White America wa Martin Duberman, ulitungwa kutokana na barua, hotuba na kumbukumbu halisi za karne nyingi. Mkulima wa pamba aliketi akasikia maneno ya watu waliokuwa watumwa kama babu zake. Wengi hawakuwa wamewahi kuona mchezo wa kuigiza maishani!

Kisha wakapeleka vijijini mchezo ambao hata maprofesa huukunia kichwa: Waiting for Godot wa Samuel Beckett, wa watu wawili wanaomsubiri mtu asiyefika. Unadhani wakulima walisinzia? Mama Hamer aliutazama mjini kwao Ruleville, akawaambia jirani zake wawaangalie vizuri hao wanaongoja tu: sisi hatukai kungoja!

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan aliacha masomo akajiunga na kundi hilo. Jina lake Denise Nicholas, na miaka michache baadaye alikuwa nyota wa televisheni kwenye tamthilia ya Room 222.

Kundi hilo lilifanyiwa mazishi! Mwaka 1985, miaka kadhaa baada ya kusimamisha kazi, marafiki zake walikusanyika New Orleans wakalizika kwa desturi ya mji ule: jeneza, msafara na bendi ya jazi.

Wanafunzi wa Holly Springs, Mississippi, hawakusubiri mtunzi kutoka mjini. Mwaka 1964, katika shule ya wakati wa likizo, walitunga na kuigiza mchezo wao kuhusu Medgar Evers, mwanaharakati aliyeuawa mwaka mmoja tu nyuma. Waigizaji hao walikuwa hatarini kama shujaa wao!

Fikiria mji wa Kusini ambako wapishi, yaya, madereva na wafagiaji wote Weusi wametoweka siku moja. Ndiyo hadithi ya mchezo wa Day of Absence wa Douglas Turner Ward, wa mwaka 1965. Waigizaji Weusi walijipaka rangi nyeupe usoni, wakawaigiza Wazungu wanaohangaika na vitoto vinavyolia. Ulionyeshwa mara 504!

Mashine ya kufulia inaweza kuimba? Kwenye Caroline, or Change, mchezo wa muziki wa Tony Kushner na Jeanine Tesori, inaimba vizuri sana. Redio inaimba, mashine ya kukaushia nguo inaimba, basi linaimba, na mwezi unaimba pia! Mhusika mkuu ni mfanyakazi wa ndani huko Louisiana mwaka 1963, anayelipwa dola 30 kwa wiki.

Lorraine Hansberry alikuwa na miaka 28 tu mchezo wake A Raisin in the Sun ulipofika Broadway, Machi 1959. Hakuna mwanamke Mweusi aliyewahi kupandisha mchezo pale kabla yake. Unahusu familia inayotaka kuhamia mtaa wa Wazungu, na Lorraine hakubahatisha: baba yake mwenyewe alipigania nyumba kama hiyo hadi Mahakama ya Juu, akashinda mwaka 1940!

Memphis, 1968: wazoa taka 1,300 waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, akauawa pale. Msichana mmoja wa mji ule alitaka kwenda kumsikiliza usiku wa mwisho, mama yake akamkatalia kwa kuogopa mabomu.

Na msichana huyo je? Binti yake, Katori Hall, aliandika mchezo The Mountaintop, ambamo King anaongea usiku kucha na mfanyakazi wa hoteli. Jina la mfanyakazi huyo, Camae, ni la mama yake Katori. Aliyenyimwa ruhusa akapata usiku mzima na King! Mchezo ulishinda tuzo ya Olivier jijini London mwaka 2010.

Sasa kaa sawa. Mwaka 1968 mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, Atlanta, alikuwa mmoja wa vijana waliowaonyesha watu viti kwenye mazishi ya King. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliifungia ndani bodi ya chuo, baba yake King akiwamo, naye akasimamishwa masomo. Akarudi, akahitimu maigizo 1972. Mwaka 2011 akamwigiza King mwenyewe Broadway katika The Mountaintop. Ni nani? Samuel L. Jackson!

King naye alishavaa vazi la maigizo. Desemba 1939, akiwa na miaka 10, aliimba na kwaya ya kanisa lao kwenye sherehe ya sinema ya Gone with the Wind mjini Atlanta. Walivalishwa kama watumwa, mbele ya wageni Wazungu watupu!

Binti yake mkubwa, Yolanda, alisomea maigizo, na mwaka 1978 alimwigiza Rosa Parks kwenye televisheni. Na kundi lake la maigizo, Nucleus, alilianzisha pamoja na nani? Attallah Shabazz, binti wa Malcolm X!

NA SISI TUMO

Ulidhani Afrika Mashariki haimo? Mwaka 1959, mwanasiasa Mkenya Tom Mboya alipotafuta nauli za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya vyuoni Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Harry Belafonte, mchezaji besiboli Jackie Robinson na Sidney Poitier. Mwaka huo huo Poitier alikuwa nyota wa A Raisin in the Sun. Septemba ndege ikaruka na wanafunzi 81!

Wangari Maathai alifuata mwaka 1960. Akiwa safarini kwa basi kuelekea chuoni Kansas, yeye na wenzake walisimama mkahawani Indiana kunywa soda, wakaambiwa hawaruhusiwi kukaa ndani kwa kuwa ni Weusi. Mshindi wa Nobel wa 2004, huyo!

Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, kiongozi wa nchi hiyo Oginga Odinga alifika Atlanta. Wanafunzi wanaharakati walimtembelea hotelini, wakatoka wakiwa na moto, wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakaa, wakakamatwa. Kisha wakamtungia Odinga wimbo, ukaimbwa kwenye mikutano yao!

Oktoba 1964, John Lewis, mmoja wa wale wanafunzi wa Nashville waliofanya mazoezi ya kutukanwa, alikutana na Malcolm X. Wapi? Atlanta? New York? Nairobi, na kwa bahati tu!

Na hii ndiyo ya mwisho kwa leo. Bob Moses, msomi wa Harvard aliyeratibu ule uchaguzi wa kuigiza wa Mississippi, alihamia Tanzania mwaka 1969. Kwa miaka kadhaa, hadi 1976, alifundisha hisabati shule ya sekondari ya Same, Kilimanjaro, kisha akarudi Marekani akaanzisha mradi mkubwa wa kufundisha aljebra kwa watoto maskini. Kwa hiyo ukimpata mzee aliyesoma Same miaka hiyo, muulize nani alimfundisha hesabu. Halafu uje unisimulie, benchi lipo!